Kete Inayotulia: sataranji niliyoibuni hapa Dodoma

Ukisema unatengeneza sataranji ya falsafa ya mashariki, watu wengi wanawaza madragoni. Yani unachukua ubao uleule wa chesi, mfalme unamvalisha kofia ya Kichina, farasi unamgeuza joka, pembeni unachora lile duara la nyeusi na nyeupe, basi umemaliza. Nimeziona picha za seti za namna hiyo nyingi tu na kwa kuangalia zinapendeza, ila ukikaa ukacheza unakuta ni chesi ileile ya kila siku, unashambulia vilevile, unahesabu vilevile, unaua vilevile. Mimi naamini falsafa ya mchezo inakaa kwenye sheria. Kete ikiliwa inaenda wapi? Mchezaji anaruhusiwa kukaa kimya au lazima afanye kitu? Nafasi tupu ina thamani gani? Ukigusa hayo matatu umegusa namna mtu anavyofikiri akiwa ameinama pale kwenye ubao, hata kama kete zenyewe ni visoda.

Na kwangu ni visoda kweli. Hapa Dodoma vijiwe vya drafti haviishi, Majengo karibu na soko, Chang'ombe, Jamatini, na kote huko kete ni vifuniko vya chupa, mmoja anaweka vilivyolala kifudifudi mwingine vilivyolala chali. Kitu kizuri cha kisoda ni kwamba kina pande mbili na kugeuza ni sekunde moja, na nitaeleza mbele kwanini hiyo imekuwa muhimu sana kwangu.

Kwanza kuna wale watakaosema chesi ni chesi, usiichezee. Chesi yenyewe imechezewa sana jamani. Ilianza India kwenye karne ya 6 hivi ikiitwa chaturanga, jeshi la vikosi vinne, askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita, ikaenda Uajemi, Waarabu wakaichukua wakaifikisha Hispania, na safari yote hiyo pembeni ya mfalme alikaa waziri dhaifu kabisa anayetembea kiboksi kimoja tu kwa mshazari. Mpaka mwishoni mwa karne ya 15 huko Ulaya ndo akawa malkia anayekimbia ubao mzima. Fikiria waliozoea ile ya zamani walivyojisikia. Karne iliyopita Capablanca, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alipendekeza ubao wa viboksi 80 na kete mpya za nguvu kwasababu aliona mabingwa wanaelekea kwenye sare tupu. Mwaka 1996 Bobby Fischer, naye aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, akatangaza kule Buenos Aires aina yake ambayo kete za nyuma zinapangwa kwa bahati nasibu, mipangilio 960, ili watu waache kukariri waanze kufikiri tangu hatua ya kwanza. Kwahiyo kubuni siyo dharau kwa mchezo, ndo umri wake wote umeenda hivyo.

Halafu tukisema mashariki tusimwage kila kitu kwenye sufuria moja. India ina mambo yake, China ina yake, Japani ina yake, na kila sehemu ina mchezo wake wa ubao ambao ukiuangalia vizuri unakuonyesha watu wale waliona nini kwenye dunia. Xiangqi ya Wachina ina mto katikati na tembo hawaruhusiwi kuuvuka, jenerali anafungiwa kwenye kasri lake la nukta tisa, na majenerali wawili hawatakiwi kutazamana kwenye mstari ulio wazi. Ina mzinga pia, ambao hauli mpaka uwepo mtu mmoja katikati wa kumruka. Shogi ya Kijapani ina ubao wa tisa kwa tisa, na ukila kete inaingia mkononi mwako, kesho unaishusha ubaoni ikupiganie wewe. Na weiqi, ile ya mawe meusi na meupe kwenye makutano 361, humo jiwe linaishi kwa nafasi tupu zinazoligusa, zikiisha linaondoka, na mchezaji anaruhusiwa kupitisha zamu yake bila kuweka chochote. Hilo la kupitisha zamu lilinikaa kichwani kwa muda mrefu sana.

Ila kilichonisukuma hasa ni kitu kingine. Kwenye maandiko ya kale ya Kibuddha, kuna hotuba inayoitwa Brahmajala, ndani yake kuna orodha ya michezo ambayo Buddha alijiepusha nayo kwa kuwa inamfanya mtu azembee, na orodha inaanza na michezo ya ubao wenye safu nane na ule wa safu kumi. Chesi ilikuwa bado haijazaliwa, ubao wa nane kwa nane ulikuwepo India kwa michezo mingine. Nilivyosoma hilo nilijiuliza swali ambalo mpaka leo nalibeba kwa uzito wote: inawezekana ubao huohuo wa safu nane ukatengenezewa sheria zinazomfanya mtu awe macho badala ya kuzembea, aone kung'ang'ania kwake mwenyewe akiwa anacheza?

Upande wa China nako nikakutana na Yijing, kile kitabu cha kale cha mabadiliko. Kina maumbo 64, kila umbo mistari sita, mstari mzima au uliokatika, na yanatokana na maumbo madogo nane yakizidishwa kwa nane, yani hesabu ileile ya ubao wa chesi. Wapo wanaojenga majumba makubwa juu ya kufanana kwa namba namna hii, mimi siwezi kwenda huko, namba zinafanana kwa sababu nyingi. Kilichonivuta ni kanuni ya ndani: mstari ukikomaa kabisa unageuka kuwa kinyume chake. Yang, ule mstari mzima, ikifika mwisho inakuwa yin, ule uliokatika, na yin iliyofika mwisho inakuwa yang. Laozi naye, mwanafalsafa wa kale wa China, kwenye zile sura 81 anazohesabiwa kuwa ni zake, anarudi hapohapo mara kwa mara, kwamba kurudi nyuma ndo mwendo wa Tao, yani ile njia ya mambo yote, kwamba kilaini kinakishinda kigumu.

Nilianza na mambo ya elementi tano za Kichina, mti, moto, udongo, chuma na maji, kila moja inaishinda nyingine kwa mzunguko, maji yanazima moto, moto unayeyusha chuma, chuma kinakata mti na kuendelea. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Kwenye ubao watu walikuwa wanauliza kila dakika hii inaila ile au ile inaila hii, macho yao yakawa kwenye jedwali badala ya mchezo, nikaiweka pembeni. Sheria nzuri ni ile ukishaambiwa mara moja huulizi tena.

Ndo nikarudi kwenye kisoda na pande zake mbili. Sheria yenyewe ni hii: kila kete kubwa, yani malkia, ngome, askofu na farasi, ina upande wa jua na upande wa kivuli. Ikiwa jua inatembea na kula kama chesi ya kawaida. Ikishatembea tu, inageuzwa, inakuwa kivuli. Kete ya kivuli inatembea kiboksi kimoja tu, upande wowote, haili, haitoi cheki, yani haimtishii mfalme, haimlindi mtu, na ikishapiga hiyo hatua moja inageuka tena kuwa jua. Mfalme hageuki, na askari wadogo, wale tunaowaita poni, hawageuki pia. Na zamu yako ikifika, badala ya kutembea unaweza kusema "natulia", ukageuza kete zako zote za kivuli zikawa jua kwa pamoja.

Hapo mwanzo kutulia kulikuwa kunaamsha kete moja tu, na hakuna aliyewahi kutulia, maana nani atoe zamu nzima kwa kete moja. Kuamsha zote ndo kulifungua mchezo.

Sasa fuatilia kinachotokea. Kwenye chesi ya kawaida ukirusha ngome mpaka kwenye mstari alipo mfalme wa mwenzio, hiyo ni cheki, papo hapo, nguvu na vitisho vinafika kwa pamoja. Hapa ngome inafika imechoka. Iko kivuli. Imekaa pale mbele ya mfalme na haimtishi mtu, na mwenzio anaiona kabisa, ana zamu nzima ya kujipanga. Anaweza kuila. Anaweza kusogea. Lakini kama kuna sehemu tatu zinamuuma kwa pamoja atajipanga vipi? Wewe zamu yako ikifika hufanyi chochote, unatulia, na kete zote ulizokuwa umezisambaza kimyakimya zinaamka kwa mpigo, ngome inatoa cheki, askofu amefunga njia ya kutorokea, farasi kafunga nyingine, na mchezo umeisha. Chekimeti, yani mfalme hana tena pa kukimbilia, imetoka kwa mtu ambaye hajagusa hata hatua moja.

Nilipoiona hiyo mara ya kwanza kwenye ubao nilinyanyuka kwenye benchi, kwa kweli, kwasababu sikuwa nimeipanga. Ilitoka yenyewe kwenye sheria. Watao, wafuasi wa hiyo Tao, wanazungumzia wu wei, kutenda pasipo kulazimisha, na mimi nilikuwa nimeisoma nikaielewa kwa kichwa, lakini kuiona ikishinda mchezo ni kitu kingine. Na njia ya pili ya kutoa cheki ni ileile ya upole, kete ya kivuli inasogea hatua moja, inageuka jua, inatisha. Mruko mkubwa hautishi mtu, hatua ndogo ndo inatisha. Chesi nzima imepinduliwa na sikuongeza kete hata moja mpya.

Wachezaji wa chesi wanajua kuna hali inaitwa zugzwang, pale ambapo kila hatua utakayopiga inakuharibia na ungeruhusiwa kukaa tu ungekuwa salama, ila sheria inakulazimisha utembee. Kuna michezo mingi ikifika mwishoni, wakibaki mfalme na poni hasa, inaamuliwa na hilo peke yake. Nilikuwa naona kama ukatili fulani uliofichwa ndani ya chesi, dunia ambayo kukaa kimya ni marufuku. Kwangu kutulia kunaruhusiwa. Sisi wa huku katikati ya nchi tunakaa na kiangazi kirefu, kuanzia Mei hivi mpaka Novemba mvua hakuna, na kete ya kivuli ni kama mbuyu wa miezi hiyo, hauna hata jani na haujafa, una maji ndani unasubiri. Ukiwa na picha hiyo huwezi kudharau kete iliyogeuzwa.

Tatizo lililobaki lilikuwa kifo. Mashariki ya Kibuddha na ya Kihindu inasema viumbe vinazunguka, vinazaliwa, vinakufa, vinazaliwa tena, na matendo yako yanakufuata, halafu mimi kwenye ubao wangu kete ikiliwa inatupwa pembeni kwenye mfuko wa nailoni. Nilikuwa kijiweni Chang'ombe nimeupanga ubao, akaja mzee mmoja ambaye mimi namheshimu sana kwenye bao, nikamwambia shikamoo babu, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akaangalia muda mrefu bila kusema, af akauliza, "Sasa huyu uliyemla unampeleka wapi?"

"Namtoa nje babu."

"Nje wapi? Kwenye bao hakuna nje."

Na ni kweli. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, na ukila kete za mwenzio huziweki mfukoni, unazipanda kwenye mashimo ya upande wako. Zilizoanza 64 ndo zinazomaliza 64. Unamshinda mtu kwa kuwa safu yake ya mbele imebaki tupu au hana pa kwenda, wala hakuna kilichopotea, kimehama tu. Hilo wazee wetu wamelicheza vizazi na vizazi vivulini na hakuna aliyelazimika kwenda China au India kulichukua, na mimi naona fahari kwamba kipande kikubwa cha mchezo wangu wa mashariki kimetoka kwa mzee aliyekaa kwenye kigoda hapahapa.

Kwahiyo sasa kete kubwa ikiliwa inarudi. Mwenyewe anaiweka kwenye safu yake ya kwanza, kiboksi chochote kilicho tupu, ikiwa upande wa kivuli, na tunaichora alama kwa choki. Ikiliwa mara ya pili inaondoka moja kwa moja. Wazo la kete kurudi nyumbani baada ya kuliwa si la kwangu, kuna aina inaitwa Circe iliyobuniwa na Mfaransa Pierre Monréal mwishoni mwa miaka ya 1960, wanaoipenda zaidi ni watunga mafumbo ya chesi. Na kuna Andernach, aina iliyopewa jina la mji wa Ujerumani, ambako kete inayokula inageuka rangi, inakuwa ya adui. Hiyo niliijaribu kwa hamu maana inasikika kama karma kabisa, yale matendo yanayokufuata, unayemla ndo unayekuwa, lakini mchezo ulikuwa unayumba mno, mpango wa mtu ulikuwa unavunjika kabla hajaupanga. Kwangu karma inatosha pale ambapo anayekula amechoka. Ukila unakuwa kivuli katikati ya maadui, na uliyemla yuko nyumbani anasubiri kuamka. Watu wanaanza kufikiria mara mbili kabla ya kula, na hicho ndo nilikitaka.

Safu ya kwanza nayo imekuwa na uzito mpya. Kama imejaa, kete yako iliyoliwa haina pa kurudi, imepotea jumla. Mtu anayebana kila kitu nyuma kwa woga anagundua amejifungia mlango mwenyewe, na anayetoa kete zake mapema anajikuta ana viboksi vitupu vya kuwapokea wanaorudi. Laozi kwenye sura ya 11 anataja gurudumu, chombo cha udongo na chumba, kwamba vyote vinatufaa kwa ule uwazi wa ndani yake. Siku hizi nikifundisha mtu mpya namwambia aangalie safu yake ya kwanza kabla hajaangalia ya adui.

Mbuddha makini hapa anaweza kunipinga, na ana haki. Kwake yeye kurudi tena na tena ndo mateso yenyewe na kutoka kwenye mzunguko ndo lengo, wakati kwenye mchezo wangu kete inayotoka ni hasara. Nimelifikiria sana hili. Jibu langu ni kwamba kete siyo wewe. Kete inapoondoka mara ya pili haina tena zamu, haina kuchoka wala kugeuzwa, anayeumia ni mchezaji aliyekuwa ameishikilia, na akiangalia vizuri ataona maumivu hayo yanatoka wapi. Sidhani kama hilo linamaliza ubishi, ila linanitosha kuendelea.

Kuna dogo mmoja anasoma hesabu UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, huyu ndo aliyenisaidia kwenye kutulia. Alinionyesha kwamba nikiruhusu watu watulie wanavyotaka, mchezo unaganda, aliyetangulia kidogo atakuwa anatulia tu, na mwenzake anatulia, jua linazama. Tukakaa naye mpaka tukapata hii: huwezi kutulia zamu zako mbili mfululizo, na mwenzio akitulia, wewe zamu inayofuata lazima utembee. Na ukiwa kwenye cheki huwezi kutulia, lazima uijibu. Hii ilileta kitu kitamu sana, kwamba utulivu ni mmoja kati yenu wawili na anayeuchukua amemnyima mwenzake kwa zamu hiyo, kwahiyo unajikuta unapima ni lini, maana ukiuchukua mapema umeamsha kete mbili tu, ukichelewa mwenzio ameshaamsha zake nne. Vijana wa chesi ya kasi wanapata shida mwanzoni, mikono yao inataka kugusa kitu kila zamu.

Ubishi uliobaki sa hivi ni wa poni. Poni hachoki, anakula muda wote, anatoa cheki akifika, kwahiyo kwenye mchezo huu wadogo wamekuwa na nguvu ambayo kwenye chesi hawana, mstari wa poni watatu walioshikana ni ukuta wa uhakika wakati malkia kalala kivuli. Hilo nalipenda na sitalibadilisha. Lakini poni akiliwa harudi, na babu yule halikubali kabisa, anasema haiwezekani wakubwa warudi na wadogo wasirudi, hiyo ni dhuluma. Dogo wa UDOM anasema poni wakirudi mchezo hauishi, na kwa hesabu yuko sahihi, safu ya kwanza itajaa kila saa. Mimi nimekaa katikati yao, nikakumbuka wale bodhisattva wa Kibuddha, wanaochelewesha kutoka kwao wenyewe ili wawasaidie wengine kwanza. Kwahiyo sheria tunayoijaribu sasa ni kwamba poni akifika safu ya mwisho hageuki malkia. Anaondoka yeye ubaoni, na kwa kuondoka kwake anamrudisha mmoja wa walioondoka jumla, mkubwa au mdogo, mwenye poni ndo anachagua, na anayerudi anakaa safu ya kwanza kwenye kiboksi kitupu, kivuli kama ni kete kubwa, bila alama ya choki. Kama hakuna kiboksi kitupu, poni anasubiri palepale alipofika mpaka kipatikane. Babu amesema hiyo anaweza kuicheza. Dogo bado anapiga hesabu.